Alivuka Siku ya Soko

Hebu niambie wewe: ukivuka daraja kwenda kumwamkia dada yako, utajiita mgeni? Utasimama kwenye foleni ya madereva wa malori na watu wenye mabegi ya magurudumu, ungoje kutazamwa uso na kulinganishwa na picha, na huku majirani zako wanakupita ubavuni na vitunga vyao wakikuuliza umepatwa na nini leo?

Basi swali hilo ndilo lililomponza Kahambu.

Kahambu ni mama wa Kasindi, upande wa Kongo, pale mto Lubiriha unapoigawa Kongo na Uganda. Tangu usichana wake alikuwa akivuka daraja siku za soko, Jumanne na Ijumaa, kitunga mgongoni na kamba yake kwenye paji la uso, mpaka kamba ile ikamwachia alama juu ya nyusi kama mkunjo wa nguo iliyokaa sana sandukuni. Alivuka na maharage, akarudi na chumvi na sabuni. Dada yake mkubwa aliolewa Bwera, ng'ambo hiyo, akazaa huko na kuzikwa huko. Siku za soko askari hawakumwuliza mtu kitabu cha safari. Walitazama kitunga, wakasema pita mama, usizibe njia. Kwake Uganda haikuwa nchi nyingine, ilikuwa ng'ambo ya mto tu.

Binti yake Pélagie alikuwa mbali zaidi, Kampala, fundi wa maabara katika zahanati moja ya binafsi huko Kabalagala. Alikuwa mtu wa kupima damu za watu, na kila kitu chake alikipima vilevile. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza, Princesse, mumewe Valère alikuwa Juba kwenye kazi za ujenzi, basi akamwita mama yake aje amsaidie. Alimtengenezea pasipoti, akamtumia ada ya viza kwa simu, na kila alipopiga alirudia maneno yale yale.

"Mama, usipite na watu wa soko. Pita dirishani, kwa watu wa uhamiaji. Simama hata kutwa nzima, ulipe, wakupigie muhuri. Bila muhuri, huku wewe si mtu."

Hakusema hivyo kwa ukali wa bure. Mwaka aliofariki baba yake, pasipoti ya Pélagie ilikuwa imelala ofisini ikingoja kibali kipya cha kazi. Angetoka bila kitabu, asingeruhusiwa kurudi kazini. Angekingoja kitabu, baba angezikwa. Alingoja, na baba akazikwa. Pale Kasindi watu walisema binti wa Kahambu amekuwa mtu wa Kampala, hana tena baba. Kahambu akawajibu, mbele ya jeneza, kwamba mtoto amelazwa hospitalini, hawezi hata kukaa. Uongo ule haukumwuma. Ulikuwa wa kumfunika mtoto, kama unavyomfunika akilala.

Huu wa pili ndio uliomwuma.

Siku ya safari ilikuwa Ijumaa. Kahambu alivaa kitenge kipya na viatu vya kanisani, pasipoti akaifunga ndani ya kitambaa kifuani. Kwenye foleni alisimama kweli, hilo lazima lisemwe. Mbele yake dereva ananuka dizeli, nyuma yake kijana mwenye vitu masikioni anatikisa kichwa peke yake. Jua likapanda. Ndipo wakapita wanawake wa soko, wale wale wa kila Ijumaa, na Masika muuza samaki wa chumvi akamwona.

"Kahambu, unafanya nini huko na wageni? Umekuwa mzungu?"

"Naenda Kampala kwa mtoto."

"Kwani njia ya Kampala haianzii hapa tulipo?"

"Mwacheni," akasema mwingine, "ana kitabu sasa. Kesho atatuuliza sisi majina yetu."

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini dereva naye akageuka kutazama, na Kahambu akahisi masikio yanawaka. Pale pale alipokuwa amesimama, ndipo walipompitisha dada yake siku ya harusi, yeye Kahambu akiwa kasichana kamebeba mkeka kichwani. Leo alipe ili aingie? Akajitoa kwenye foleni. Akampokea Masika mzigo wa samaki kama anayemsaidia, akavuka nao. Askari hata hakuinua macho. Akasema, "Pita, mama."

Aibu ikaisha hapo, akapumua. Kumbe alikuwa ameibadilisha tu, ametoa ndogo akapewa kubwa.

Ile ada ya viza akainunulia dumu la mawese na kitenge cha mtoto, na nyingine akampa mjukuu wa marehemu dada yake aliyekuwa hana sare ya shule. Alipofika Kampala, Pélagie alifungua dumu, akanusa, akafuta machozi kwa mgongo wa mkono.

"Mama, umewezaje vyote hivi?"

"Mungu anasaidia."

"Na muhuri, walikupigia?"

"Walipiga."

Neno moja tu. Alilisema huku ananyoosha mikono kumpokea mtoto, na mtoto akalia, wakaanza kumbembeleza, likapita. Pélagie hakuomba kukiona kitabu. Mtu na mama yake, ataomba akione cha nini?

Waliishi Luzira, kwenye vyumba vya kupanga vinavyotazamana, bomba moja uani na kamba za nguo zimekatizana juu. Ukipanda kidogo unaliona ziwa, na ukigeuka unaona ukuta mrefu wa gereza. Kahambu alimwogesha mtoto, akampaka mafuta, akampikia Pélagie fufu na sombe ya majani ya muhogo aliyoitwanga mwenyewe kwa sababu ile ya mashine, alisema, inakuwa kama matope. Jioni Pélagie akirudi alikuta hata viatu vyake vimeoshwa. Akawaambia wenzake kazini, "Tangu mama aje, mimi ni malkia." Kila akisema hivyo Kahambu alitafuta kitu kingine cha kuosha.

Jioni moja Pélagie aliketi kitandani, akavua soksi, akasema kwa furaha ya mtu aliyeficha zawadi, "Mama, viza yako inakaribia kuisha. Nimeanza kukutengenezea pasi ya mtegemezi, ukae huku kwa jina langu. Nimeshajaza kila kitu kwenye simu. Mkurugenzi wetu amekuandikia barua ya udhamini, na ndani ya pasi nimekuombea ruhusa ya kutoka na kurudi. Utakwenda na kurudi unavyotaka. Sitaki yaliyonipata mimi yakupate wewe."

Kahambu alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa. "Asante, mwanangu."

"Si useme kitu, Mama? Watu wanalia kuipata hiyo."

"Nimesema asante."

"Siku ya kwenda ofisini usisahau pasipoti. Mimi nina picha ya ukurasa wa mbele tu."

Usiku huo Kahambu alikifungua kitambaa, akakipekua kile kitabu ukurasa kwa ukurasa. Kilinuka jasho lake. Kurasa zote zilikuwa na maua mepesi mepesi na hakuna kingine. Akakifunga tena.

Wewe utasema, si angesema hapo hapo? Lakini aliona uso wa Pélagie ulivyong'aa. Akajiambia labda hawatatazama. Watu wa ofisi wana vitabu vingi. Labda watachoka.

Hawakuchoka. Ofisa aliyewapokea aliitwa Komakech, mwanamume mwembamba wa Kaskazini mwenye miwani na kalamu tatu mfukoni. Alipojua ni Wakongo akaachana na Kiingereza, akawasemesha Kiswahili cha kambi ya askari alikokulia. Alipekua mara moja kwenda mbele, mara moja kurudi nyuma.

"Mama naingia Uganda kwa mpaka gani?"

"Mpondwe, pale penye daraja la Kasindi," akajibu Pélagie.

"Mimi naona hakuna. Viza hakuna, muhuri hakuna. Hii kitabu iko safi kama sahani."

Pélagie akacheka kidogo, akanyoosha mkono, akapekua mwenyewe. Akarudia polepole, akitenganisha kurasa kwa ukucha. Kisha akamgeukia mama yake. "Mama, ni ukurasa gani?"

Kahambu alikuwa na Princesse mgongoni. Akarekebisha fundo la kitenge ambalo halikuwa limelegea. "Walipiga," akasema. "Labda wino wao ulikuwa hafifu."

Hebu fikiria. Huo ndio mlango aliofunguliwa, naye akaufunga kwa mkono wake.

Maana Pélagie alimwamini. Alisimama. Mtoto huyu aliyekuwa akizungumza taratibu hata na wagonjwa wanaotukana, alisimama mbele ya benchi lililojaa watu, Wahindi, Waeritrea, Wachina wawili na mtawa mmoja, akapaza sauti.

"Wamekula pesa yake. Hao watu wenu wa mpakani wamechukua pesa ya mama mzee, wakamrudishia kitabu kitupu."

"Dada, punguza sauti. Watu nasikia."

"Wasikie. Mama yangu ni mzee wa kanisa. Hata maharage sokoni haongezi bei kwa uongo. Akisema walipiga, walipiga."

Mtawa alimtazama Kahambu kwa huruma, akatikisa kichwa kusikitikia dhuluma. Kahambu akatazama chini, akaiona sakafu vizuri sana: vigae vya kahawia, kimoja kimepasuka pembeni, na sisimizi anapita kwenye ule ufa. Kama angeweza kuingia humo, angeingia.

Komakech hakukasirika. Alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Mimi nitauliza Mpondwe. Nyinyi rudi Alhamisi. Lakini dada, wewe pia iko na kibali yako hapa, nangoja kusainiwa. Usipige kelele kwa nyumba unalala ndani."

Wakatoka. Njiani Pélagie aliushika mkono wa mama yake kwa nguvu. "Usiogope, Mama. Sitakubali. Baba nilimwacha azikwe bila mimi kwa sababu niliogopa kupiga kelele. Safari hii sikubali."

Na kweli hakukubali. Aliwasimulia wa zahanatini, mkurugenzi naye akakasirika pamoja naye. Akamsimulia Valère kwa simu. Jumapili, katika kanisa lao la Wakongo, mchungaji alimwita Kahambu mbele, akamwekea mkono kichwani, akawaombea wajane wote wanaonyang'anywa mipakani. Wanawake wakasema amina. Baadaye wakaja mmoja mmoja kumshika mkono. Mmoja wao, maskini kuliko wote pale, muuza mayai ya kuchemsha, akamfumbatisha noti iliyokunjwa mara nyingi mpaka imekuwa kama punje ya mahindi. Kahambu akajaribu kuirudisha. Yule mama akasema, "Shika, dada. Hata mimi walinila." Akaishika.

Jumatano, Pélagie akiwa kazini, Kahambu alifagia uwanja. Baadaye akaufagia tena. Adong, jirani wa mlango wa pili, alikuwa ameketi kwenye kigoda akichagua mawe kwenye maharage. Mjane wa askari jela huyo, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha gwaride.

"Mama Congo, wewe nafagia hii uwanja mara mbili. Rais nakuja?"

"Kuna vumbi."

"Vumbi natoka wapi, jana ilinyesha. Bwana yangu alilinda watu pale juu mpaka nywele ikakuwa nyeupe. Alisema, mfungwa akifagia sana na hakuna mtu alimtuma, angalia chini ya godoro yake."

Kahambu aliweka ufagio ukutani. Akaja akachuchumaa, akatia mkono kwenye ungo, naye akachagua mawe. Baada ya muda akasema, "Kuna mama mmoja ninamjua."

"Eeh. Huyo mama natoka wapi?"

"Kwetu."

"Nafanana na nani?"

"Hafanani na mtu."

"Haya, sema habari ya huyo mama hafanani na mtu."

Kahambu akaisimulia, foleni, samaki wa Masika, mawese, yote, kama habari ya mwingine. Adong hakukatiza. Alipomaliza, Adong akapuliza maganda nje ya ungo.

"Sasa huyo mama arudi kwao Ijumaa na watu ya soko, vile alikuja. Nani nataona?"

Kahambu alikuwa ameshaliwaza hilo. Alikuwa ameliwaza mpaka akajua atavaa nini. "Na mtoto wake? Ameandika serikalini kwamba mama yake alipita dirishani. Ameita watu wezi. Yale yatabaki na jina lake."

"Nabaki, ndiyo."

"Na kibali chake kiko mezani kwa watu hao hao."

"Mimi naona huyo mama naogopa mtoto kuliko polisi."

"Polisi hajawahi kusimama mbele ya watu akasema mimi sisemi uongo," akasema Kahambu.

Adong alisikia alichosikia. Aliinama, akatafuta jiwe kwenye maharage kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji. "Kesho mtoto nabaki na mimi?" akauliza. "Hapana," akajibu Kahambu, "nitambeba." Maana alijua bila mtoto mgongoni miguu haitamfikisha.

Alhamisi wakafika. Komakech aliwaketisha mbele ya meza yake, akafunga mlango, jambo ambalo Kahambu hakulipenda wala hakulichukia. Feni ilizunguka juu, ikigonga kidogo kila mzunguko.

"Mpondwe najibu," akasema. "Kwa mashine yao jina ya mama hakuna. Siku ile, wiki ile, mwezi ile, hakuna. Sasa iko njia moja. Kama nyinyi nasema alilipa na hawakuandika, hiyo ni kosa kubwa. Dada, wewe ndiye mwombaji. Wewe andika kiapo kwamba mama yako alipita kwa dirisha, alilipa, hawakumpa kitu. Unasaini. Mimi natuma. Wale vijana wote ya zamu ya siku ile wataitwa, wataacha kazi kwanza mpaka mambo ijulikane."

"Nitaandika," akasema Pélagie.

"Fikiri kwanza. Kiapo ni kiapo. Ikikuja kuwa uongo, kesi nafuata wewe, si mama."

"Nimefikiri tangu wiki jana."

Akavuta karatasi. Alikuwa na mwandiko mzuri, Pélagie, ulioegemea upande mmoja kama nyasi za mtoni, na Kahambu aliutazama ukitokea. Aliandika jina lake. Akaandika jina la mama yake. Kahambu hakukijua Kiingereza, lakini jina lake alilijua, na akalijua jina la Mpondwe lilipofika. Akamkumbuka yule askari wa darajani ambaye hata hakumtazama. Labda naye alikuwa na mtoto mgongoni mwa mtu mahali fulani. Kalamu ikashuka mstari wa chini, pale pa kutia sahihi.

"Usiandike," akasema Kahambu.

Pélagie hakuinua kichwa. "Mama, ngoja kidogo, namaliza."

Kahambu aliinuka, akaweka kiganja chake juu ya karatasi, juu ya mkono wa mwanawe na kalamu pamoja. "Hawakuiba. Sikufika dirishani. Nilitoka kwenye foleni, nikavuka na watu wa soko."

Ile feni ya juu ikagonga, ikazunguka, ikagonga.

"Mama, unasema nini?"

"Nasema hakuna aliyeniomba pesa. Hakuna aliyeniona. Nilibeba samaki wa Masika."

Pélagie alimtazama kama anavyotazama kipimo kilichotoa jibu lisilowezekana, kile ambacho hukirudia akidhani kifaa ndicho kibovu. Kisha akageuza uso upande wa ukuta. Mishipa ya shingo ilimsimama mpaka nyuma ya masikio, na hilo ndilo Kahambu hakulisahau. Angempiga kelele ingekuwa nafuu.

Komakech aliivuta ile karatasi polepole kutoka chini ya mikono yao, akaichana vipande vinne, akavitupa kwenye kapu. "Hii haikuandikwa," akasema. Kisha akaendelea kwa sauti ya kazi. Mama atalipa faini ya muda aliokaa bila ruhusa. Atapewa karatasi ya kutoka. Atoke Mpondwe, kwa dirisha, mchana. Akitaka kurudi Uganda, arudi kwa dirisha lile lile na viza mkononi, halafu maombi ya pasi yaanze upya, na barua ya udhamini mpya, kwa sababu ile ya kwanza imesema jambo ambalo si kweli.

"Na kibali changu?" akauliza Pélagie, bado anatazama ukuta.

"Wewe hukusaini kitu. Faili yako ni yako." Kisha akamgeukia Kahambu. "Mama, hata mama yangu mimi, kule Elegu, navuka kwa Sudan kuuza mtama. Siku moja namwambia, mama, hiyo ni nchi ya watu. Yeye nasema, tangu lini?" Hakucheka, wala hakungoja wao wacheke.

Nje kulikuwa na wapiga fotokopi chini ya miavuli mikubwa, jenereta zinanguruma, watu wanakimbizana na bahasha. Pélagie alitangulia mpaka penye ukuta wenye kivuli, akasimama. Kahambu akaja nyuma yake kwa hatua za mtu aliyechelewa kanisani. Mtoto alikuwa amelala.

"Na pesa ya viza?" akauliza Pélagie.

"Mawese. Na kitenge cha mtoto. Nyingine nilimpa mjukuu wa mama yako mkubwa."

"Mawese niliyoyalilia."

"Hayo."

Pélagie akafumba macho. "Nitamwambia nini mkurugenzi? Aliniuliza mara mbili, una hakika? Nikamwambia mama yangu namjua. Na mchungaji. Na yule mama wa mayai alikupa noti, niliona."

"Ninayo. Nitamrudishia mwenyewe. Na mchungaji nitamwambia mwenyewe, palepale aliponiwekea mkono. Mkurugenzi, nipeleke, nitapiga magoti."

"Hapana, usipige magoti kwa mtu." Alilisema kwa hasira, na hasira hiyo ikampasua sauti. Akapangusa pua kwa kiwiko kama alivyofanya akiwa mdogo. "Ningekuuliza siku ya kwanza nikione kitabu, tungemaliza siku ya kwanza. Nilikuamini."

"Ndiyo."

"Kwa nini, Mama? Foleni tu?"

"Walinicheka. Na nikaona ni vibaya kulipa ili niende kwa dada yangu."

"Dada yako amekufa."

"Ndiyo. Amekufa."

Mpiga fotokopi mmoja akawauliza kama wanataka picha za pasipoti, Pélagie akamtikisia mkono kwamba hapana. Kisha, kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa, akaanza kupanga. Alinyoosha vidole, kimoja kimoja, akisema na ukuta zaidi ya mama yake.

"Sawa. Faini nitalipa mwisho wa mwezi, nitamwomba Valère atume. Utatoka kwa dirisha, nitakusindikiza mpaka Mpondwe, na mimi nisivuke, kibali hakijatoka. Utakaa nyumbani wiki moja tu. Nitakulipia viza tena. Utaingia, safari hii nitakuwa nimesimama upande huu nakuona. Tutaanza pasi upya. Nitampata mdhamini mwingine, labda mchungaji, akikubali. Halafu ile ruhusa ya kutoka na kurudi, ile nayo tutaijaza tena, ili uweze..."

"Pélagie."

"...uweze kuja na kwenda bila mtu..."

"Pélagie, mama yangu, ngoja."

Akangoja, vidole bado vimenyooka hewani. Kahambu alimtazama mtoto wake huyu aliyekonda, kola yake ya kazi imekunjika upande mmoja. Akanyoosha mkono akainyoosha ile kola. Alipata haya kusema, haya kuliko zile za mbele ya ofisa, maana zile zilikuwa za kosa, na hizi zilikuwa za kukataa kitu alichopewa kwa mapenzi.

"Usinilipie tena," akasema. "Mimi nataka kurudi nyumbani, nikae huko. Tangu ulipoitaja hiyo pasi nilitaka kukwambia."